PUMZI YAKO INA KIPIMO: Jinsi mapafu yanavyofanya kazi, na jinsi ya kuyapima



Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi unakagua vyombo vyako. Unatazama kama mpini wa nyundo umekaza, kama kofia haina ufa, kama taa inawaka. Lakini kuna chombo kimoja ambacho hukikagui, kwa sababu hukioni. Ni mapafu yako. Nyundo ikivunjika, depo itakupa nyingine. Mapafu yakiharibika, hakuna depo duniani yenye mengine ya kukupa.

Somo letu la leo lina sehemu tatu: jinsi mapafu yanavyofanya kazi, jinsi pumzi inavyopimwa, na jinsi vumbi la mawe linavyoiba pumzi hiyo kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Soma polepole. Ukimaliza, msomee na mwenzako asiyejua kusoma.

1. NJIA YA HEWA

Hewa inaingia kwa pua. Pua si tundu tu. Ndani yake mna vinywele na ute, navyo vinanasa vumbi kubwa. Tena pua inaipa hewa joto na unyevu. Ndiyo maana ukitoka kazini na kupenga kamasi unaona uchafu mweusi au mwekundu. Huo ni uchafu uliokamatwa mlangoni. Anayepumua kwa mdomo ameufungua mlango bila mlinzi.

Kutoka puani hewa inapita kooni na kuingia katika bomba la pumzi. Bomba hilo linagawanyika mara mbili, tawi moja kwa pafu la kulia, tawi moja kwa pafu la kushoto. Kila tawi linagawanyika tena na tena, karibu mara 23, kama mti wa mwembe uliopinduliwa, shina juu na matawi chini. Mwisho wa vijitawi vya mwisho kuna vifuko vidogo sana vya hewa. Hesabu yake katika mtu mmoja ni milioni 300 au zaidi. Ukivikunjua vyote na kuvitandaza chini, vinaweza kufunika sakafu ya nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 7. Eneo hilo lote limekunjwa ndani ya kifua chako!

Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba kuliko karatasi yoyote unayoijua. Upande mmoja kuna hewa, upande mwingine kuna damu. Hapo ndipo biashara inafanyika. Damu inachukua oksijeni, ambayo ni chakula cha moto wa mwili, nayo inatoa kaboni dioksidi, ambayo ni moshi wa moto huo. Hewa unayovuta ina oksijeni sehemu 21 katika 100. Hewa unayotoa ina sehemu 16 hivi, na kaboni dioksidi karibu sehemu 4.

2. MVUKUTO WA KIFUA

Mapafu hayana nguvu ya kujivuta yenyewe. Yanafanana na mvukuto wa mfua chuma: ngozi ya mvukuto haijazi upepo mpaka mkono uivute. Mkono wa mapafu ni msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Jina lake ni kiwambo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikipanuka, kifua kinakuwa kikubwa na hewa inaingia. Kiwambo kikilegea, hewa inatoka.

Ni nani anayetoa amri? Ni ubongo, sehemu ya chini karibu na shingo. Nao hausikilizi sana oksijeni; unasikiliza zaidi ule moshi wa mwili, kaboni dioksidi. Ukisukuma baiskeli yenye mzigo wa mchele kupanda kilima katika njia ya Kasongo na Kabambare, misuli inatoa moshi mwingi, na ubongo unaamuru kifua kihemee upesi. Kuhema kilimani si ugonjwa. Ugonjwa ni kuhema mahali ambapo mwaka jana hukuhema.

3. HESABU YA PUMZI

Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Kila pumzi inachukua karibu nusu lita ya hewa. Fanya hesabu mwenyewe: mara 14 kwa nusu lita ni lita 7 kwa dakika, yaani zaidi ya lita 10,000 kwa siku moja, hata ukiwa umekaa tu.

Lakini wewe hukai tu. Mtu anayepiga baramini au kubeba viroba vya mchanga anaweza kuvuta lita 50 au 60 kwa dakika. Basi ikiwa hewa ina vumbi, mwenye kazi nzito anakula vumbi mara 8 kuliko kapita aliyekaa chini ya kivuli, hata kama wote wawili wako mahali pamoja.

Sasa vuta hewa mpaka mwisho, kisha itoe yote mpaka huwezi tena. Hewa hiyo uliyotoa ndiyo kipimo kikubwa cha mapafu. Kwa mwanamume mzima huwa lita 4 au 5, kwa mwanamke lita 3 au 4, kwa kadiri ya urefu na umri. Hata ukijikamua namna gani, lita moja na zaidi kidogo inabaki ndani. Haitoki mpaka kufa, nayo inazuia vile vifuko visishikamane.

4. WALIOTUONYESHA NJIA YA KUPIMA

Mganga mmoja wa Uingereza, John Hutchinson, alitangaza mashini yake mjini London mwaka 1846. Ilikuwa pipa lililopinduliwa ndani ya maji. Mtu alipuliza katika bomba, pipa likapanda, na mizani ikaonyesha ni hewa kiasi gani. Alipima watu zaidi ya 2,000: askari, mabaharia, wafanyakazi na wengine. Aliona kwamba mtu mrefu ana hewa nyingi kuliko mfupi. Kila inchi moja ya urefu, yaani sentimita 2 na nusu, inaongeza kama mililita 130. Aliona pia kwamba wenye ugonjwa wa kifua walipungukiwa na hewa mapema, hata kabla masikio ya mganga hayajasikia kitu. Mwaka 1852 Hutchinson mwenyewe alihamia Australia wakati wa mbio za dhahabu, akafa katika visiwa vya Fiji mwaka 1861.

Miaka 100 baada ya mashini yake, mwaka 1947, Mfaransa Robert Tiffeneau alileta wazo jingine. Alisema haitoshi kujua mtu anatoa hewa kiasi gani. Tujue pia anaitoa kwa upesi gani. Mgonjwa anavuta hewa yote, kisha anaipuliza kwa nguvu zake zote, na mashini inaandika ni kiasi gani kimetoka katika sekunde ya kwanza. Waganga wetu wanakiita kipimo hicho VEMS. Mtu mwenye mapafu mazima anatoa katika sekunde moja sehemu 70 mpaka 80 au zaidi katika kila 100 za hewa yake. Ikiwa njia zimebanwa, kama kwa pumu au kwa mvutaji tumbako wa siku nyingi, hewa inatoka polepole na VEMS inashuka. Ikiwa mapafu yenyewe yamekuwa magumu kama ngozi kavu, hewa inatoka upesi lakini ni kidogo. Basi mpulizo mmoja unaweza kumwonyesha mganga ni upande upi wa kutafuta.

5. KIPIMO CHA BIDONI

Huna mashini? Unaweza kufanya ya Hutchinson nyumbani. Tafuta bidoni la lita 10, beseni kubwa, kipande cha mpira cha urefu wa mita moja, na chupa ya nusu lita.

a) Jaza bidoni maji mpaka juu kabisa. Tia maji katika beseni pia.
b) Ziba mdomo wa bidoni kwa mkono, ulipindue ndani ya beseni, kisha toa mkono chini ya maji. Maji yatabaki ndani ya bidoni. Mwenzako alishike lisianguke.
c) Ingiza ncha moja ya mpira katika mdomo wa bidoni, chini ya maji.
d) Simama wima. Vuta hewa yote unayoweza, ziba pua, na pulizia katika mpira polepole mpaka pumzi yako iishe. Usivute kamwe kwa mpira!
e) Toa mpira, ziba tena mdomo wa bidoni chini ya maji, ligeuze wima. Sasa lijaze kwa chupa ya nusu lita ukihesabu. Chupa 8 ni lita 4. Chupa 9 ni lita 4 na nusu.

Fanya mara tatu, andika hesabu kubwa pamoja na tarehe. Rudia baada ya miezi 6. Usijilinganishe na jirani. Yeye ana urefu wake na umri wake. Jilinganishe na wewe mwenyewe. Kila mtu hupungukiwa kidogo na uzee, lakini akipoteza nusu lita katika mwaka mmoja au miwili, si uzee huo. Aende kwa mganga.

Angalisho: kila mtu awe na kipande chake cha mpira. Mwenye kikohozi asipulize pamoja na wenzake, na mwenye kutema damu au maumivu ya kifua asijaribu kabisa. Bidoni halijui ugonjwa. Linakuonya tu uende kupimwa kwa kweli.

6. JIWE JEUPE

Sasa tuje kwenye shabaha ya somo hili. Dhahabu ya Namoya, katika wilaya yetu ya Kabambare, imekaa ndani ya mishipa ya kwatsi, lile jiwe jeupe gumu ambalo kila mchimbaji wa Salamabila analijua kwa macho. Kulifuata jiwe hilo ni kufuata mali. Lakini kulivunja ni kuamsha adui.

Jiwe likipondwa linatoa vumbi la namna mbili. La kwanza unaliona. Linatua juu ya nguo na nyusi, na pua inalikamata. La pili hulioni. Chembe zake ni ndogo kuliko unene wa unywele mara 10 na zaidi. Zinaelea hewani saa nyingi baada ya kazi kwisha, na ukizivuta zinapita walinzi wote mpaka ndani ya vile vifuko vya mwisho.

Ndani ya vifuko kuna askari wa mwili wanaomeza uchafu. Askari akimeza chembe ya udongo, anaishinda. Akimeza chembe ya kwatsi, chembe inamwua. Anakufa, chembe inatoka, askari mwingine anaimeza naye anakufa. Mahali pa vita hivyo panaota kovu. Kovu halipitishi hewa. Baada ya miaka, makovu yanaungana na pafu linakuwa gumu. Ugonjwa huu ni silikosisi.

Mara nyingi unakuja baada ya miaka 10 au 20 ya vumbi. Vumbi likiwa zito sana, unaweza kuja kabla ya miaka 5. Hauna dawa ya kuuponya. Tena unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Na mwenye silikosisi anashikwa kwa urahisi na kifua kikuu, kisha anakipeleka nyumbani kwa mke na watoto.

Jambo hili si geni. Mwaka 1930 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Johannesburg kwa mkutano wa kazi wa kimataifa juu ya silikosisi, kwa sababu machimbo ya dhahabu ya huko yalikuwa yamekula mapafu ya watu wengi. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano ya kuwalipa maelfu ya wachimbaji wa zamani wenye ugonjwa huo. Miaka 89 kati ya mkutano na mapatano! Wengi hawakuwapo tena kupokea. Fedha ni haki ya mgonjwa, lakini hazinunui pumzi.

Wala usidhani ni ugonjwa wa wanaume wa shimoni peke yao. Huko Kamituga, Kivu Kusini, akina mama wanaotwanga mawe ya dhahabu katika kinu wanajulikana hata kwa jina la kazi yao, akina mama watwangaji. Mama anayetwanga kwatsi kavu mtoto akiwa mgongoni, wawili wanavuta vumbi moja.

7. KIPIMO KINASEMA NINI, NACHO HAKISEMI NINI

Mwanzoni silikosisi haina dalili. VEMS inaweza kuwa nzuri, bidoni linaweza kutoa chupa 9, na mtu anajisifu. Makovu ya kwanza yanaonekana katika picha ya kifua, radiografi. Kwa hiyo vipimo viwili vinakwenda pamoja: mpulizo na picha. Kimoja hakimalizi kazi ya kingine.

Tena kuna kidude cha kubana kidoleni, ambacho watu wengi walikijua wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020. Kinaonyesha oksijeni ya damu. Kwa mtu mzima wa afya ni 95 mpaka 100. Ni chema, lakini kinadanganywa na moshi wa motere. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, na kidude kinaiona kama oksijeni. Mtu anakufa, na kidude kinasema 98.

Kwa hiyo shika sheria hii: motere ya kuvuta maji haiingii shimoni hata siku moja. Ikae nje, mbali na mdomo wa shimo, upande ambako upepo hausukumi moshi ndani. Na mwenzako akianguka shimoni bila sababu, usiruke kumfuata. Hewa iliyomwangusha inakungojea wewe. Ita watu, zima motere, peleka hewa, funga kamba, ndipo mtu ashuke. Mara nyingi anayekufa wa pili ni mwokozi.

8. MASWALI YA WAFANYAKAZI

Nafunga kitambaa mdomoni. Je, inatosha?
La. Kitambaa kinazuia vumbi unaloliona. Lile linaloua linapita. Inahitajika maski ya vumbi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye alama FFP2 au N95, iliyobana uso pande zote. Ndevu nyingi zinaacha njia ya vumbi. Maski iliyolowa au kuchakaa ibadilishwe.

Kunywa maziwa kunasafisha mapafu?
Maziwa yanakwenda tumboni. Hayafiki mapafuni. Ni chakula kizuri, si dawa ya vumbi. Hata pombe vivyo hivyo.

Nimezoea vumbi, halinisumbui tena. Je?
Mapafu hayazoei kwatsi. Kilichozoea ni koo lako tu.

Nikisema nina kikohozi, sitafukuzwa kazi?
Hofu hii tunaielewa. Mtu ana watoto wa kulisha. Lakini fikiri. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kinaweza kuwa kifua kikuu, nacho kinapona kwa dawa za miezi 6, zisizolipiwa katika vituo vya serikali. Anayeficha anapoteza miezi hiyo, kisha anapoteza kazi, kisha nyumba nzima inakohoa. Ugonjwa uliotoka kazini una haki yake katika sheria na katika Kasi ya usalama wa jamii, CNSS, ambayo zamani tuliiita INSS. Ila haki inataka maandishi. Weka karatasi zako za vipimo mahali pakavu, pamoja na tarehe za kazi zako.

9. YA KUFANYA KUANZIA KESHO

— Lowesha jiwe kabla ya kulipasua, kulitoboa au kulitwanga. Maji ndiyo silaha ya kwanza. Kwatsi iliyolowa haipai hewani.
— Usifagie vumbi kavu. Nyunyiza kwanza.
— Kaa upande ambako upepo unatoka, si upande ambako vumbi linakwenda.
— Baada ya baruti, ngoja mpaka hewa isafike na mkubwa wa kazi atoe ruhusa.
— Vua nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto. Usizikung'ute; zilowekwe majini.
— Acha tumbako. Mwenye vumbi na moshi pamoja ana maadui wawili katika nyumba moja.
— Hesabu pumzi zako ukiwa umepumzika dakika 10. Zikizidi 20 kila mara, nenda kituo cha afya. Zikizidi 30, usingoje asubuhi.
— Na wewe kapita: usiseme maji yanachelewesha kazi. Mtobozaji wako wa miaka 35 asiyeweza kupanda kilima atachelewesha kazi zaidi.

Ndugu msomaji, mchimbaji wa dhahabu anajua kupima. Anapima kwa mizani ndogo hata chembe isiyojaa ukucha, wala hakubali kudhulumiwa. Basi tuwe wakali vivyo hivyo juu ya pumzi. Jumapili hii, chukua bidoni na beseni, mwite mwenzako, pimeni, andikeni. Halafu Jumatatu ulizeni katika kamati ya usalama: maji ya kulowesha jiwe yako wapi?

Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba. Kwa silikosisi neno hilo linapita methali: kinga ipo, tiba haipo.

Kazi njema, na usalama.